Kauli Inapopotea: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ubongo na Lugha

Swali: Baba yangu alipatwa na kiharusi miezi miwili iliyopita. Anatuelewa, lakini hutamka neno mojamoja kwa taabu. Je, akili yake imepungua?

Pole kwa kumuuguza mzee. Hali hiyo huitwa afasia, nayo huathiri lugha, si akili: mzee anajua anachotaka kusema, ila maneno hayamjii. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza, katika hospitali ya Bicêtre, mgonjwa ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alijibu karibu kila swali kwa silabi "tan", ambayo aghalabu aliirudia mara mbili. Alipoulizwa amekaa hospitalini hapo miaka mingapi, alikunjua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Miaka 21, na hesabu ilikuwa sahihi. Kila ninaposikia mgonjwa wa afasia akisemewa mbele ya uso wake kana kwamba hayupo, navikumbuka vidole vile.

Mgonjwa huyo alipofariki, Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto, ambao kwa watu walio wengi ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya lugha. Kwa hiyo msimwachie mzee maswali yanayodai maelezo marefu. Mwulizeni yanayojibika kwa ndiyo au hapana, zimeni redio mnapozungumza naye, na mpeni muda wa kulitafuta neno kabla hamjamtajia.

Swali: Jirani yetu naye huzungumza mfululizo baada ya kiharusi, ila hakuna linaloeleweka. Watu wanasema amerukwa na akili. Ni ugonjwa uleule?

Ni afasia pia, na tafadhali wakatazeni wanaosema hivyo. Mwaka 1874 Carl Wernicke, daktari Mjerumani, alieleza wagonjwa wa namna hii, ambao jeraha lao huwa nyuma zaidi, karibu na eneo linalopokea sauti. Usemi wao hutiririka kwa lafudhi ya kawaida, lakini maneno hubadilishana nafasi au huwa ya kubuni kabisa, na mara nyingi msemaji mwenyewe hatambui, kwa kuwa hata kuyaelewa maneno ya wengine kumekuwa kugumu. Wagonjwa wengi, hata hivyo, hawaingii sawasawa katika kundi la Broca wala la Wernicke. Watafiti wa leo hutazama zaidi njia zinazounganisha maeneo ya ubongo: moja huhusisha sauti na matamshi, nyingine huhusisha sauti na maana.

Swali: Sauti hugeukaje kuwa neno?

Mawimbi ya hewa hutikisa ngoma ya sikio, vijifupa vitatu huupeleka mtikisiko huo katika sikio la ndani, na humo seli zipatazo 3,500 zenye vinyweleo huugeuza kuwa ishara za umeme ambazo neva huzifikisha kwenye ubongo. Kazi ngumu huanzia hapo. Tamka "pata", kisha "bata": kinachoyatenganisha zaidi ni lini nyuzi za sauti zinaanza kutetema, tofauti ya sehemu chache za mia za sekunde, na ubongo huinasa bila wewe kujua. Maana nayo haichelewi. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walionyesha kwamba mtu akisoma sentensi inayoishia na neno lisilolingana na maana yake, mfano "mtoto amekunywa meza", umeme wa ubongo hubadilika baada ya takriban milisekunde 400.

Swali: Mama hawezi kuniita jina, lakini huimba nyimbo za zamani bila kukosea. Inawezekanaje?

Wimbo uliozoeleka hutoka kwenye kumbukumbu ukiwa mzima, na muziki hutegemea sana upande wa kulia wa ubongo, ambao mara nyingi haukuguswa na kiharusi. Tangu mwaka 1973 kumekuwa na tiba inayotumia hali hiyo: mgonjwa huimba kifungu kifupi cha maneno anayoyahitaji huku akigonga kwa mkono wa kushoto, kisha mtaalamu huuondoa mwimbo kidogo kidogo mpaka yabaki maneno matupu. Kuimba peke yake si kuzungumza, hivyo mazoezi yaongozwe na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha.

Swali: Umepita mwaka mzima. Tumechelewa?

Hapana. Nafuu kubwa huja katika miezi ya mwanzo, lakini mlango haufungwi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 156 walioishi na afasia kwa miezi sita au zaidi. Waliopata tiba ya usemi kwa wiki tatu au zaidi, angalau saa kumi kila wiki, waliboreka katika mawasiliano ya kila siku, ilhali wale waliokuwa bado wakisubiri zamu yao hawakuboreka. Saa kumi ni nyingi, na hapo ndipo familia inapoweza kusaidia: mwombeni mtaalamu awape mazoezi ya nyumbani, nanyi mkae na mgonjwa kila siku, mkianza na majina ya watu na vitu anavyovihitaji yeye.