Msumeno wa mkanda unaovuta kushoto na kuacha mawimbi

Fundi, umeuliza kwa nini msumeno wako wa mkanda unavuta kushoto na kuacha mawimbi kwenye ubao. Kwa mninga wa unene wa inchi 4, mkanda wako wa meno 14 kwa inchi ndio mshukiwa wangu wa kwanza. Vumbi halina pa kutokea, linajaa katikati ya meno, mkanda unapata joto na kuanza kutangatanga ndani ya ubao. Tafuta wa meno 3 kwa inchi, ukaze vizuri, na usisukume ubao kwa nguvu. Guide ya juu, yaani kishikizo kinachozuia mkanda usiyumbe, ishushe karibu na ubao. Wengi huiacha juu kabisa halafu wanailaumu mashine.

Msumeno ukiendelea kuvuta kushoto hata kwa mkanda mpya, angalia fensi, ule ukingo ambao ubao unaegemea unapokatwa. Mkanda wa zamani huenda uligusa msumari, meno ya kulia yakafa makali, ndiyo maana ukavuta kushoto.