Dakika za intro si za mwenye pedi

Mmeuliza wiki hii: kwa nini filamu ya kufungulia gemu, yaani intro, huwapandisha mashabiki mori, na wewe huitazama au huibonyeza ipite? Nina banda la gemu hapa Oli, mjini Arua, Uganda, mwaka wa 15 sasa, na kwangu swali hilo limeshavunja kiti.

Niwaeleze banda kwanza. Runinga tatu, pedi sita za kuchezea, mabenchi manne. Mechi moja ya mpira ni shilingi 500, nusu saa ya gemu nyingine yoyote 1,000. Wanaoshika pedi ni wenye noti mfukoni. Waliobaki, nao ndio wengi, tunawaita watu wa benchi: watoto waliotumwa sukari wakapotea njia, vijana wa boda wanaosubiri abiria, na mama wa rolex, ile chapati ya kukunjiwa yai, aliyeweka jiko lake mlangoni ili chapati zisimkoseshe uhondo. Mpira ndio unaolipa pango, sitadanganya. Lakini mpira wameuzoea, wanautazama huku wakipiga soga. Ukitaka kuona benchi zima limesogea mbele mpaka magoti yanagusa runinga, weka gemu ya majitu na majoka, halafu acha ianze yenyewe.

Ya kwanza ya namna hiyo kuingia kwangu ilikuwa God of War, ile ya 2005, kwenye PlayStation 2 ya mtumba niliyoifuata Kampala. Inaanza hivi: mwanamume mweupe kama majivu, Kratos, amesimama ukingoni mwa mlima mrefu kuliko yote Ugiriki. Anasema miungu ya Olympus imemtupa, tumaini limekwisha. Kisha anajiachia, anaporomoka kuelekea baharini.

Banda likawa kimya, halafu likalipuka. Steringi amekufa! Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria yetu moja, kwamba steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba kwenye nyumba inayowaka moto, lakini hafi, sembuse kufa kabla hatujalizoea jina lake. Kijana mmoja wa boda alinigeukia mimi mwenye mali: “Mzee, huyu mtoto amelipa, na mtu wake amejiua. Atacheza na nani?” Nilikuwa karibu kurudisha pesa ndipo hadithi ikaturudisha nyuma wiki tatu, merini, kwenye dhoruba, na lile joka la majini lenye vichwa vingi likachomoza. Ahaa. Kumbe tulionyeshwa mwisho ili tuutafute mwanzo. Nimeona filamu nyingi tangu hapo, na bado sijaona ujanja ulioshika watu shingo kwa wepesi kama ule.

Kwenye benchi la mbele hukaa kijana tunayemwita Vijei. Msomaji wa nje ya Uganda huenda hajui: kwetu filamu ya kigeni haitazamwi hivihivi, kuna mtu wa kuitafsiri papo hapo huku akiongeza chumvi yake. Kampala akina VJ Jingo wamejijengea jina kwa kazi hiyo, kwa Kiluganda. Vijei wetu anaifanya kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kilugbara, bila maikrofoni, kwa malipo ya nusu rolex. Siku ile Kratos anaanguka, Vijei alipiga kelele: “Amejirusha kutoka Wati, jamani!” Wati ndio mlima wetu, uko Terego. Wazee wa Kilugbara husimulia kwamba mababu wawili wa ajabu walioanzisha koo zetu walimalizia safari yao milimani, Jaki kwenye Liru na Dribidu kwenye Wati, na kwamba huyo Dribidu alikuwa na manyoya mwilini na alikula watu. Siku mtu akitengeneza gemu yake, intro ipo tayari, hana haja ya kuumiza kichwa.

Turudi kwenye kiti. Siku hiyo hakuwa Kratos, ilikuwa gemu nyingine ya majoka ambayo jina lake limenitoka. Mteja alilipa 1,000, filamu ikaanza, akanyoosha kidole gumba ili aipitishe. Benchi likafoka: acha! Naye akafoka: nusu saa yangu inaliwa! Na alikuwa na haki, maana intro ya dakika tano ni kama shilingi 170 zake zinazoteketea huku mikono imekaa bure. Lakini watu wa benchi nao walikuwa na hoja ambayo hawakuweza kuisema vizuri, wakaisema kwa kumnyang'anya pedi. Kiti kikapoteza mguu.

Nililala nikiwaza. Gemu nzima ni ya mwenye pedi: yeye ndiye anayechagua njia, yeye ndiye anayekufa na kufufuka. Kipande pekee ambacho mwenye pedi na asiye na pedi wako sawa, wote mikono mapajani, ni kile cha mwanzo. Asubuhi nikaandika ukutani kwa mkaa: SAA INAANZA STERINGI AKIITII PEDI. Kabla ya hapo ni bure, ni ya wote, na hakuna kubonyeza.

Sheria hiyo ilinitia hasara kubwa kwa Skyrim, gemu ya Novemba 2011. Unaamka mikono imefungwa, uko juu ya mkokoteni wa farasi pamoja na wafungwa wengine. Mmoja ni mwizi wa farasi, mwingine ni kiongozi wa waasi aliyezibwa mdomo. Aliyekaa mbele yako anakuambia kwamba hatimaye umeamka. Mnapelekwa Helgen kukatwa vichwa, na kichwa chako kikiwa tayari kwenye gogo, joka linashuka. Safari hiyo haina pa kuiruka hata ukitaka. Na umeme wetu miaka ile ulikuwa wa kupiga hodi na kuaga. Ukikatika kabla mchezaji hajasevu, tunarudi mkokotenini. Mkokoteni ule naujua kuliko gari la baba mkwe.

Matokeo yake watoto waliyakariri maneno yote. Mtu wa benchi akisinzia, akifungua macho tu anakuta wenzake wamemwinamia: “Wee, umeamka hatimaye.” Nilidhani utani huo ni wetu, umezaliwa na giza la Arua. Miaka ikapita, mpwa wangu anayesoma Kampala akanionyesha kwenye simu: dunia nzima inautania. Mtu anateleza kwenye video, anapiga kichwa chini, skrini inakuwa nyeusi, anaamka juu ya mkokoteni uleule. Basi nikaelewa kwamba watu wa Marekani na Ulaya, wenye umeme usiokatika, nao waliupanda mara nyingi, kwa sababu kila ukitaka kuanza upya na mhusika mwingine ni lazima upitie pale. Shabiki hupenda kwa kurudia, kama wimbo wa shuleni.

Na mkokoteni wenyewe una kisa chake. Mmoja wa watengenezaji, Nate Purkeypile, alisimulia mwaka 2021 kwamba walipokuwa wakiutengeneza, mara kwa mara ulitetemeka ukarushwa hewani kama roketi. Walihangaika kutafuta sababu. Kumbe nyuki! Walikuwa wamerekebisha nyuki ili mchezaji aweze kumshika, naye akageuka kitu kigumu kisichosogezwa na chochote, mkokoteni ukimgonga unapaa. Niliposimulia hili bandani, kijana wa boda alisema hata pikipiki yake inamjua nyuki huyo.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo mashabiki huligombania sana. Kuna intro ambazo mashine yako inazicheza moja kwa moja kwa vitu vilevile vya mchezo, kama huo mkokoteni. Na kuna zile zilizochorwa mapema na kompyuta zenye nguvu, zikahifadhiwa kama filamu ya kawaida. Final Fantasy VII ya 1997 ilijaza CD tatu, na filamu za aina hiyo zilichangia uzito huo. Hizi za pili ndizo tamu kwa macho, na ndizo zinazoleta manung'uniko: filamu ikiisha, yule shujaa mwenye nywele zinazopepea anageuka kinyago cha pembe nne. Mteja wangu mmoja alisema ni kama kuonyeshwa picha ya bibi harusi mmoja ukaletewa mwingine. Mimi nawaelewa wanaolalamika, ila siwaungi mkono. Benchi halijawahi kulalamikia picha nzuri.

Nimesema picha nzuri, lakini si zote nimeweza kuzimaliza. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 sitaieleza sana. Mtu amefungwa, kiumbe mwenye mikono ya pweza usoni anamwingizia kiluwiluwi jichoni. Nusu ya banda ilitoka nje kupunga hewa.

Ile iliyonifunza zaidi ni ya gemu ambayo haijawahi kuingia kwangu na haitaingia. World of Warcraft inataka intaneti muda wote na malipo ya kila mwezi, na nani wa Oli ataimudu? Lakini filamu ya ufunguzi ya nyongeza yake, Wrath of the Lich King, ya 2008, tumeitazama kwenye simu mara zisizohesabika. Mfalme aliyevaa chuma anainuka kutoka kiti cha barafu, anatembea thelujini, anachomeka upanga kwenye barafu, na joka la mifupa linaamka. Wakati wote huo sauti ya mzee inamsemesha mwanawe kwa upole, kwamba siku alipozaliwa misitu yenyewe ilinong'ona jina lake, Arthas. Vijei aliitafsiri kama dua ya baba. Mama wa rolex akasema: “Baba mwema huyo. Wangu hakuwahi kuniambia hata asante.”

Mpwa wangu akacheka, akatueleza. Huyo mzee ni mfalme Terenas, na katika Warcraft III, gemu iliyoitangulia hii, ya 2002, mwanawe huyuhuyu alimuua kwa mkono wake, mbele ya kiti cha enzi. Maneno ya upole unayoyasikia ni ya maiti. Tukaomba simu irudishwe mwanzo. Picha zilezile, sauti ileile, na safari hii mama wa rolex aliliacha yai likaungua. Mashabiki wanaolia kwa filamu ile, kumbe, wanalia kwa miaka sita waliyoibeba vichwani kabla haijaanza. Sisi tulihitaji mpwa mmoja.

Sheria yangu ya mkaa ilipata mtihani na God of War ya 2018, kwa sababu kamera haikati tangu mwanzo mpaka mwisho. Kratos amezeeka, anakata mti wa kuchomea mwili wa mkewe, mtoto wake yuko pembeni, na filamu inayeyuka ndani ya mchezo bila mpaka. Tumeanza au bado? Mteja anasema bado, mimi nasema tayari, benchi linasema nyamazeni wote. Gemu hiyo mpaka leo naihesabu kwa kukadiria.

Sasa niseme jibu langu hasa. Mwaka juzi mpwa wangu alirudi likizo na kompyuta yenye Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Imetengenezwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliianza kwa majonzi ya kumpoteza baba yake. Mpwa akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha lugha, akasema: “Mjomba, sikiliza.” Ikaongea Kiswahili.

Kiswahili chetu Arua ni cha kambini na sokoni. Baba yangu aliletewa na jeshi, mimi nikakipata kwake. Ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kukisikia kutoka kwenye gemu ya majoka na mizimu, hilo hatukulitarajia. Kijana Zuberi amefiwa na baba. Mama yake anampa kitabu ambacho baba alikiandika. Anakifungua, na hadithi ya Zau, mganga kijana, inaanza: naye amefiwa na baba, naye anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wapatane bei ya kumrudisha.

Vijei alifungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Alikaa hivyo mpaka mwisho, mikono mapajani kama sisi. Mama mmoja wa Congo aliyekuja kununua chapati alisimama mlangoni na noti mkononi. Akasema kwao Kalunga ni huko waliko wafu, na kwamba hakujua wazungu wana habari naye. Mpwa akamwambia si wazungu. Mtoto wangu wa darasa la sita alianza kusahihisha Kiswahili cha Vijei kwa ushahidi wa kompyuta. Ugomvi huo haujaisha.

Filamu ilipofika mwisho na Zau akaanza kuitii pedi, jirani yangu mzee, askari mstaafu ambaye miaka yote huja kutazama mpira tu, aliingia amechelewa. Akauliza wanasema nini. Mpwa wangu alifunga mchezo, akarudi mwanzo. Alipomaliza, wakaja wengine wawili wa rika lake, akarudi tena. Jioni ile hakuna aliyelipa shilingi, na hakuna aliyecheza zaidi ya hatua kumi. Mzee wa mwisho alikuja na kiti chake kutoka nyumbani.