Kano ya kisigino iliyokatika ikaachwa: haiponi kwa kuchua

Mkuu uliyeuliza kuhusu kaka yako: alisikia "pa!" nyuma ya kisigino kwenye mechi ya maveterani, eksirei ikaonyesha mfupa mzima, akaambiwa ameteguka. Sasa ni mwezi wa tatu, maumivu yamepungua ila anachechemea, na mnamchua kila jioni.

Yalinikuta hayohayo. Niligeuka kumfokea aliyenipiga teke, kumbe nyuma hapakuwa na mtu. Zahanati walinipa diklofenaki na bandeji, eti mguu bado unasukuma chini. Ni kweli unasukuma, maana misuli inayokunja vidole inaendelea kufanya kazi hata kano kubwa (kamba ngumu inayounganisha msuli wa shavu la mguu na kisigino) ikikatika. Ndiyo maana mtu anatembea na wengi hawagunduliki. Na eksirei ni ya mfupa, kano haionekani humo.

Mpimeni leo. Alale kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, umminye shavu la mguu usioumia: unyayo utajivuta chini. Kisha minya wa upande mbovu. Usipotikisika, kano imekatika. Ila jeraha likishakaa, kovu huweza kuudanganya mkono wako, kwa hiyo mwambie pia asimame kwa mguu huo peke yake ainue kisigino. Mimi nilishika fremu ya mlango, jasho linanitoka, kisigino kikagoma kabisa kuacha sakafu.

Kuchua hakuungi kano. Zikipita wiki nne hadi sita, msuli wa shavu unakuwa umeivuta ncha ya juu na pengo limejaa kovu. Kovu hilo linashika, ila limelegea, nguvu haifiki kisiginoni. Shavu linanywea, kukimbia hakuna, ngazi zinakuwa mateso.

Angewahi, hogo au buti maalumu, vidole vikielekea chini, vingeweza kutosha bila kisu. Wengine hushonwa mapema: Beckham aliumia Machi 2010 akiichezea AC Milan, kesho yake akapasuliwa Finland, na bado Kombe la Dunia la mwaka huo lilimpita.

Kwa kaka yako, daktari bingwa wa mifupa atataka ultrasaundi au MRI aone ukubwa wa pengo. Likiwa dogo, wanaondoa kovu na kushona ncha kwa ncha. Likiwa kubwa, wanarefusha kano ileile au wanahamishia kisiginoni kano inayokunja kidole gumba cha mguu. Mimi nilifanyiwa hiyo ya mwisho. Ngazi napanda bila kushika ukuta, lakini kidole gumba kimepoteza nguvu, kandambili hunichomoka nikiharakisha, na shavu halijarudi kulingana na mwenzake. Mazoezi ya fiziotherapia ni ya miezi, msiyakatishe.

Kama ana kisukari au anavuta sigara, aseme mapema. Ngozi ya pale ni nyembamba na kidonda cha upasuaji husumbua. Hapo daktari anaweza kupendelea mazoezi na kifaa cha kushikilia kifundo. Ataje pia kama alitumia sipro (antibayotiki) au kuchomwa sindano za steroidi, zote huweza kudhoofisha kano. Na baada ya upasuaji, shavu likivimba na kuuma ghafla au pumzi ikikata, kimbieni hospitali usiku huohuo, huenda damu imeganda.

Mkiwa Dar, nendeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mikoani anzieni hospitali ya rufaa, na msikubali kurudishwa nyumbani na eksirei peke yake.