Karatasi ya Chini ya Bati: Amua Kabla Papi Hazijapigwa

Juzi msomaji mmoja wa Masasi kaniandikia: "Dada, hela ya korosho imeingia, nataka nipaue kabla mvua haijashika. Hivi ile karatasi ya chini ya bati ina ulazima, au ni mbwembwe za watu wa mjini?" Nilimjibu palepale kwamba ina ulazima. Ila swali lake limenikaa rohoni, maana ndilo nililoulizwa mimi mbele za watu, tena kwa kicheko, nikiwa nasimamia nyumba yangu hapa Naliendele, Mtwara.

Habari za msingi na lenta nazipita, wote mnaosoma hapa mnajenga kidogo kidogo kama nilivyojenga mimi, kwa mshahara na korosho za mama. Twende moja kwa moja siku ya kupaua. Fundi alikuwa keshasimamisha kenchi zote, zile fremu za mbao zinazobeba paa, kazi safi kabisa, na vijana wake wameanza kupanda na papi begani, zile mbao za inchi mbili kwa mbili zinazopigiliwa bati. Nikawaambia washuke, karatasi inatangulia. Mjomba wangu alikuwepo, na kwetu Wamakonde mjomba akisema, limesemwa. Akaniambia, "Mpwa wangu, hela hiyo si ungenunulia geti? Bati lipo, karatasi inamfunika nani?" Mafundi wakaangua kicheko. Nilinyamaza kwa heshima yake, lakini kile kicheko ninacho mpaka leo. Vijana walishuka, na karatasi ikatangulia.

Sikuwa nabishana kwa kiburi. Nilishapanga Shangani ya hapa Mtwara, karibu na bahari, nyumba ambayo alfajiri ilikuwa inadondosha maji na nje hakuna hata wingu. Juu ya kochi dari la jipsamu lilikuwa na miduara ya rangi ya chai, mmoja ndani ya mwingine, na katikati jipsamu imelegea hata ukigusa kidole kinazama. Mwenye nyumba alileta fundi akaziba misumari yote, miduara ikaendelea kukua. Bati halikuwa linavuja. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa, na hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Unyevu ule ukipanda darini ukakutana na bati la baridi, unageuka matone. Watu wa Newala kule juu, ambako usiku ni wa baridi, wanalijua hili jasho la bati kuliko sisi.

Ongeza na upepo. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinaelekea Msumbiji, Mtwara tuliambiwa tutafute mahali salama. Mei 2024 kikaja Hidaya, watu wa Kilwa wanajua walichokiona. Karatasi haizuii kimbunga kung'oa paa, hiyo ni kazi ya kenchi, nondo na misumari. Lakini mvua ya upepo inayosukumwa kwenye maungio ya bati na chini ya kofia, lile bati la mgongoni mwa paa, hiyo karatasi inaipokea na kuirudisha nje.

Sasa uchague ipi? Wengi hukimbilia nailoni nyeusi kwa sababu ni rahisi. Usiiweke. Haipumui, kwa hiyo jasho linahamia kwenye nailoni yenyewe, linadondoka vilevile, na mbao zinabaki na unyevu. Karatasi ya lami ni nzuri juu ya paa lililopigwa mbao zote na kuwekwa vigae. Chini ya bati, kwa jua letu, inalainika na kugandana na bati. Foili ile ya kung'aa inapunguza joto kwelikweli, ila ina sharti moja ambalo mafundi wengi hawalifuati: upande unaong'aa lazima utazame nafasi ya hewa, angalau sentimita 2 na nusu. Ikigusa bati, joto linapita moja kwa moja na hela yako imekwenda. Na kama haina vitundu vya kupumulia, uache matundu ya hewa chini ya mapaa, pale paa linapotokeza nje ya ukuta, la sivyo utarudi kwenye jasho lilelile.

Mimi nilichukua utando wa sintetiki unaopumua, ule unaozuia maji kutoka juu lakini unauacha mvuke wa ndani utoke. Niliuagiza Dar es Salaam. Haupendi jua, kwa hiyo soma lebo unaruhusiwa kukaa wazi muda gani, na usiutandike kabla bati halijafika uwanjani.

Kwenye hesabu ndipo watu wanapoibiwa au wanapojiibia. Fundi wangu alipima sakafu: mita 12 kwa 9, ni mita za mraba 108. Rola moja ina upana wa mita 1.5 na urefu wa 50, yaani 75, basi akasema rola mbili zinatosha na kubaki. Hazitoshi. Paa linatoka nje ya ukuta. Kwangu ni sentimita 60 kila upande, kwa hiyo ni mita 13.2 kwa 10.2, karibu 135. Tena paa limeinama. Ili ujue limeinama kiasi gani, pima mita moja ya usawa kwenye kenchi, uangalie mbao imepanda sentimita ngapi. Ikipanda 36, zidisha eneo kwa 1.06. Ikipanda 47, zidisha kwa 1.10. Ikipanda 58, kwa 1.16. Langu lilipanda 47, nikapata 148. Halafu rola haifuniki 75, kwa sababu kila mstari unalalia mwenzake sentimita 15. Upana unaokufaa ni mita 1.35, sawa na mita za mraba 67.5 kwa rola. Ongeza asilimia 10 ya kona na veli, yale mabonde ambapo pande mbili za paa zinakutana. Nikanunua rola tatu. Kama paa lako limelala sana, kama haya ya kuficha nyuma ya ukuta yaliyoingia siku hizi, malalio yafike sentimita 22 au zaidi, na hesabu ipande.

Rola zilipofika nilizikunjua uwanjani nikapima. Moja ilikuwa na mita 44, na lebo inasema 50. Muuzaji alinijibu kwa simu kwamba mama mzima sina kazi ya kufanya. Aliibadilisha, kwa sababu nilikuwa na risiti na picha ya futi ya kupimia imelala juu ya rola. Iliniuma namna alivyosema. Dada zangu mnaojenga wenyewe, mtasikia maneno ya aina hii dukani na kwenye saiti. Pimeni hivyohivyo. Hela ni yenu, jasho ni lenu, na anayewacheka hatakuja kubadilisha jipsamu.

Kutandika ni kuanzia chini, kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, mkipanda juu, mstari wa juu ukilalia wa chini kama magamba ya samaki. Ukingo wa chini upite juu ya fishabodi, maji yadondokee nje. Jambo kubwa zaidi liko hapa: papi zinalala kwa mapana. Ukizipiga moja kwa moja juu ya karatasi, kila papi inakuwa kizuizi, maji yanatuama nyuma yake na mbao inaoza. Piga kwanza mbao za inchi 1 kwa 2 kufuata kenchi, juu ya karatasi, halafu papi ndiyo zikatize juu yake. Maji yanapata njia ya kushuka na hewa inapata njia ya kupita. Fundi atasema ni mbao za ziada. Ni kweli ni za ziada, nunua.

Masika yamepita, dari langu ni jeupe kama lilivyopakwa. Mjomba alikuja, akalala, akatazama juu muda mrefu, kisha akaniuliza kile kipande cha rola kilichobaki kiko wapi.

Kwa hiyo wewe wa Masasi, kama kenchi zimesimama na papi bado, usinunue bati wiki hii. Nenda na futi, panda, pima mpando wa ile mita moja na urefu wa paa mpaka ukingoni. Karatasi na zile mbao za inchi 1 kwa 2 zilipiwe kwanza, bati lifuate. Kama papi zimeshapigwa, zing'oe. Misumari mingine utainyoosha.