Kifuu kina uso tayari: maswali yenu kuhusu mapambo ya Halloween

Oktoba ikifika katikati, maswali yanayonifikia huwa ya namna moja. Wanaofanya kazi kwenye hoteli za ufukweni hapa Bagamoyo wana wageni wanaotaka usiku wa tarehe 31, yaani Halloween, sikukuu ya mizuka na nyuso za kutisha, upambwe. Wazazi nao, watoto wamerudi na karatasi ya shule. Kununua mapambo ya dukani ya usiku mmoja hawataki, na wana haki. Ufundi wangu ni huo wa kugeuza vilivyotupwa, basi nawajibu kama ninavyofanya mwenyewe barazani.

Shikamoo shangazi. Mwanangu wa darasa la pili ameambiwa apeleke boga lililochongwa uso. Boga zima kwetu ni chakula cha siku mbili, naona uchungu kulitoboa. Nifanyeje? (Mama, Magomeni)

Marahaba mwanangu. Boga liunge na tui, mtoto ale ashibe. Hata huko desturi hii ilikotoka haikuanza na boga. Watu wa Ayalandi na Uskoti walichonga tanipu, kiazi kigumu cha jamii ya figili. Waliohamia Marekani ndio waliokuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakayachukua hayo. Kila mtu alichonga kilichokuwa jikoni kwake. Jikoni kwako kuna kifuu.

Nazi ukishaikuna, chukua ile nusu yenye macho, uifunike juu ya kiganja uitazame vizuri. Matundu matatu, na uso umeshakamilika. Wareno waliipa nazi jina la coco kwa sababu hiyo hiyo: ni jina la zimwi lao la kutishia watoto. Tundu moja kati ya matatu ni laini, ndimo mche unamotokea. Lisukume kwa msumari, litazibuka bila kutumia nguvu, na huo ndio mdomo. Mawili yaliyobaki ni magumu, yanataka kekee, na hapo ashike mtu mzima. Kisha paruza nyuzi kwa kipande cha msasa na usugue kifuu kwa tone la mafuta ya nazi mpaka king'ae. Usiparuze nyuzi zote. Mwaka jana binti wa jirani yangu aliacha kishungi upande mmoja tu, kifuu kikawa kama mtu aliyeamshwa usingizini kabla ya wakati wake. Hakuna pambo la dukani lenye sura kama ile.

Andika kikaratasi kwa mwalimu umweleze. Atafurahi. Na sikukuu ikipita, kifuu kinarudi jikoni kuwasha moto.

Shangazi, watoto wangu wa awali walibandika vichwa vya magazeti kwa uji wa unga. Siku ya tatu vimeota ukungu, mende wamevitafuna. Tulikosea wapi? (Mwalimu, Dunda)

Mwalimu, mlikosea hali ya hewa. Huu ni msimu wa vuli, hewa ya pwani imejaa maji, na mkibandika tabaka tano kwa mpigo, la ndani halikauki kamwe. Bandikeni tabaka mbili, anikeni juani kutwa nzima, kesho yake mbili nyingine. Uji upikeni, msikoroge unga kwenye maji baridi na kuishia hapo. Uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa, na mtie kijiko cha chumvi kuzuia ukungu. Mimi napenda unga wa muhogo, unashika zaidi.

Rangi msinunue. Nyeusi ni masizi ya sufuria au mkaa uliotwangwa, ukichanganywa na uji huo huo. Ya chungwa, ambayo ndiyo rangi ya sikukuu yenyewe, inatoka kwenye mbegu nyekundu za mti wa mzingefuri: zisuguliwe na tone la mafuta mpaka vidole viive. Vidole vya watoto vitabaki hivyo kwa muda, wazazi waambiwe mapema.

Kama muda umewabana, waacheni magazeti, mkate popo. Trei ya mayai 30 inatoa popo 10: kata vikombe vitatu vilivyoshikana, cha katikati ni mwili, vya pembeni vikatwe ukingo wa chini kwa mawimbi viwe mbawa. Paka masizi, tundika kwa uzi. Darasa zima linamaliza kabla ya uji wa saa nne.

Habari za kazi dada. Bwalo letu limeezekwa makuti. Bosi anataka mishumaa ndani ya chupa za plastiki zilizochorwa nyuso. Nina wasiwasi. (Mhudumu wa hoteli)

Nzuri kaka. Wasiwasi wako ni wa kweli, na usinyamaze. Mshumaa ndani ya plastiki unayeyusha chupa, na chini ya makuti makavu cheche moja yatosha; upepo wa bahari hauulizi. Mwambie bosi leo, usingoje tarehe.

Weka taa za betri au zile ndogo za sola, na badala ya chupa tumia makopo ya maziwa ya unga. Mafundi wetu wametengeneza koroboi kwa makopo miaka na miaka, kwa hiyo mkono wa kazi hii tunao. Shida ya kutoboa kopo ni kwamba linabonyea. Dawa yake iko mlangoni kwako: jaza mchanga mbichi wa pwani, ushindilie mpaka uwe mgumu kama jiwe, ndipo uchore uso kwa mkaa na kupigilia msumari mstari kwa mstari, tundu moja likiachana na jingine kwa upana wa punje ya mchele. Mchanga unabeba kopo lisibonyee. Mwaga mchanga, suuza chumvi, kausha, weka taa ndani. Mchana utaona kopo lenye matundu tu. Kufikia saa 1 usiku giza limetimia, uso unatokea ukutani mkubwa kuliko kopo lenyewe.

Mifuko mbadala nyeupe imejaa kwangu. Inafaa kutengenezea mizuka?

Inafaa sana. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba ina fungu lake. Funga mpira wa karatasi ndani ya mfuko, chana pindo liwe nyuzinyuzi, tundika. Ila hata huo ni plastiki, ingawa ukiushika ni kama kitambaa: usiusogeze karibu na moto, na ukimaliza usiuchome.

Dada, nilitoboa macho kwenye kibuyu, nikakifunga kitambaa chekundu na cheusi, nikakiweka mlangoni. Msichana wa kazi amekataa kuingia, na majirani wananitazama vibaya. Ni pambo tu! (Mgeni wa Bagamoyo)

Karibu Bagamoyo, dada. Kwako ni pambo. Kwa msichana wako ni tunguri, kibuyu cha mganga, na kitambaa chekundu na kaniki ndiyo mavazi yake. Hajakosea, kasoma alama kama alivyofundishwa. Kiondoe leo, mwite umweleze kwa upole na umwombe radhi. Kibuyu ni kizuri mno, kivue vitambaa, kitoboe nyota na maua, kiwe taa ya sebuleni. Na mapambo ya mafuvu na mifupa yakae ndani au uani, yasiwekwe mlangoni wala njia panda. Kule yanasomwa kwa lugha nyingine kabisa.

Je, dini inaruhusu? (Baba wa watoto watatu)

Ndugu yangu, mimi ni fundi, fatwa si kazi yangu; muulize shekhe au padri wako. Ninachojua ni kwamba jina lenyewe lina maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ambayo Wakatoliki wa misheni yetu, iliyopo tangu 1868, wanaiadhimisha kwa misa, bila vinyago. Kama nyumbani hamtaki mizuka, watoto watengeneze bundi, popo na buibui. Hao ni viumbe wa Mungu, na wanapendeza.

Shikamoo. Nimeokota wavu wa nailoni uliochanika karibu na soko la samaki. Naweza kuutandaza kwenye mwembe uwe utando wa buibui? (Kijana, mtoto wa mvuvi)

Marahaba. Kwanza nakushukuru kwa kuuokota. Wavu uliotelekezwa baharini hauachi kuvua: unanasa samaki na kasa, na hakuna wa kuwatoa. Ndiyo maana sitaki uutandaze mwembeni. Ukining'inia umelegea utanasa popo wa kweli na ndege, nawe asubuhi utakuta kitu ambacho hutakisahau.

Tafuta ringi mbovu ya baiskeli ambayo spoku zake bado zipo. Itazame: si utando huo? Wavu utoe magamba, uloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga, suuza mara mbili, anika mpaka harufu iishe. Ukate vipande virefu vya upana wa vidole viwili, uvisokote, kisha zungusha kuanzia katikati, ukipiga fundo kwenye kila spoku na kukaza. Ukikaza hivyo hakuna kiumbe kitakachonasa. Buibui ni kifuu kidogo, na miguu yake minane ni chelewa za ufagio uliochakaa, zikunjwe katikati bila kuzivunja kabisa.

Ukimaliza usiurudishe pwani na usiuchome. Ringi haiozi, itundike mwakani tena. Yangu iko barazani mwaka wa tatu sasa. Buibui amekatika mguu mmoja, na kesho asubuhi nitamchomekea chelewa mpya.