Jumamosi ya mtoto ni ya nani?

Mvua za mwisho bado zinashuka, tope la Mwanjelwa hapa Mbeya halijakauka, na barua za wiki hizi zinafanana kama mapacha: watoto wana shughuli nyingi, wazazi wako hoi, na kila nyumba inatafuta siku mbili za kutoka nje ya mji. Leo najibu tano.

Nina watoto watatu, miaka 6, 9 na 13. Mkubwa ana akademi ya mpira na mafundisho ya kipaimara. Wa kati ana skauti na kwaya ya watoto. Wote wawili wana tuisheni. Mdogo naye anadai karate kwa sababu mtoto wa jirani anakwenda. Jumamosi nashinda kwenye bajaji tangu saa mbili asubuhi. Nikipunguza, si nitaonekana mama mvivu?
*Mama wa watatu, Forest*

Pole, mama mwenzangu. Mvivu hashindi kwenye bajaji.

Kabla hujakata chochote, chukua kalenda ya ukutani, ile kubwa tunayogawiwa kanisani au duka la pembejeo mwisho wa mwaka. Tafuta kalamu za rangi tatu, kila mtoto rangi yake, ujaze mwezi mzima. Usiandike "mpira" ukaishia hapo. Andika saa: ya kwenda, ya kusubiri, ya kurudi, ya kufua jezi na kuianika ndani kwa sababu nje kunanyesha. Mwaka juzi nilifanya hivyo kwangu nikakuta mazoezi ya kijana wangu ya saa moja na nusu yanatula saa nne. Nikakuta pia kwamba kwa mwezi mzima tulikula chakula cha mchana wote pamoja mara moja tu. Hiyo mara moja ni siku umeme ulipokatika na tuisheni ikaahirishwa!

Kilichonizindua hasa si kalenda. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu nilimkuta kijana wangu amekaa kizingitini, njumu moja iko mguuni, nyingine mkononi. Tope la wiki iliyopita lilikuwa limekauka katikati ya meno ya njumu, naye analichokoa kwa njiti ya kiberiti, jino moja baada ya jingine, polepole kama fundi saa. Nikamwambia tunachelewa. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Mama, tope likiisha itabidi niende?"

Hatukwenda. Alirudi kulala, akaamka saa nne, akanywa chai, akatoka. Unajua alikwenda wapi? Kucheza mpira barabarani na wenzake, hadi giza likaingia. Mpira alikuwa anaupenda. Alichokichoka ni kupangiwa.

Sasa kwako. Mambo ya dini siyahesabu kama shughuli, hayo mnayajua wenyewe. Kwa mengine, kila mtoto abaki na moja aliyoichagua mwenyewe, aifuate muhula mzima, akiichoka aseme mwisho wa muhula, si katikati. Mkubwa kama yuko darasa la saba, mtihani wake ni Septemba, tuisheni ya siku mbili za wiki inaeleweka. Huyo wa miaka tisa tuisheni ya Jumamosi mwondolee. Najua walimu wengine watanuna. Mtoto aliyekaa darasani siku tano hahitaji ya sita, anahitaji kulala na kugombana na ndugu zake. Karate ya mdogo isubiri mwezi mmoja. Kama ni wivu wa jirani, ataisahau kabla mwezi haujaisha.

Jambo la mwisho: mtaani kwako hakosekani mzazi mwingine anayepeleka mtoto uwanja huo huo. Mpeane zamu. Bajaji moja inabeba watoto watatu na mpira wao.

Wajukuu wangu wako Mbeya mjini, mwendo wa kilomita sabini tu. Zamani walikuja kila likizo. Siku hizi nikipiga simu naambiwa wana mazoezi. Ninyamaze?
*Bibi, Tukuyu*

Shikamoo bibi. Usinyamaze, ila usimlalamikie mkwe. Zungumza na mwanao wa kumzaa, tena umtajie tarehe. "Njooni siku moja" haijawahi kumleta mtu. Aprili 26 ni Muungano, Mei 1 ni Mei Mosi, na siku hizo hata makocha wanapumzika. Sema: nawataka siku hiyo, na kuna kazi inawasubiri. Wangu mpaka leo wanasimulia jinsi bibi yao alivyowakabidhi ndizi wazigeuze kwenye majivu wakaunguza nusu. Ndaga fijo kwa kuniandikia.

Tunataka kuondoka Jumamosi alfajiri turudi Jumapili jioni, mwezi huu wa nne. Watoto wana miaka 4, 8 na 12. Gari tunalo lakini ni dogo, la chini. Mke wangu anataka Kitulo, mimi Matema, mkubwa anataka Ziwa Ngozi. Tuamulie.
*Baba Uyole*

Nakupa ushindi wewe, ila usijigambe nyumbani.

Kitulo mkeo hajakosea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake huchanua kuanzia Novemba hadi Aprili hii. Tatizo ni njia. Ukipandia Chimala kuna zile kona za Hamsini na Saba kabla ya Matamba, na jina hilo ni hesabu ya kona zenyewe. Ukipitia Isyonje nako ukikuta mvua imenyesha usiku, gari la chini utalisukuma. Huko juu mna baridi ya kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, na wa miaka minne atakuwa analia ndani ya blanketi huku nyinyi mnapiga picha maua. Mwahidi mama likizo ya Desemba, kwa gari la kuazima lenye miguu mirefu.

Ngozi mwachie mkubwa, muende wawili, Julai au Agosti njia ikiwa kavu. Mwezi huu ule mteremko wa msituni ni sabuni, sehemu ya mwisho unapanda kwa mikono. Ukifika kileleni ziwa liko chini yako kama mita mia mbili, ukingo hauna uzio, na mtoto wa miaka minne hana breki. Niliwahi kupanda Aprili, nikafika juu nikaona ukungu mweupe kama maziwa. Ziwa nililiona kwenye simu ya mtu aliyetutangulia wiki moja.

Basi ni Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Uzuri wa safari hii unaanzia njiani. Kule Isongole watoto wako watakuwa na masweta na pumzi inatoka moshi. Tukuyu wataona mashamba ya chai na migomba, masweta bado. Mkiteremka kuelekea Kyela, wataanza kuyavua mmoja mmoja, na kandokando ya barabara ni kokoa na mpunga. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwa asubuhi moja mtakuwa mmeshuka zaidi ya mita elfu moja. Mwambie wa miaka minane ahesabu masweta yaliyovuliwa, atasahau kuuliza "tumefika?"

Fanyeni juu chini mfike Jumamosi hiyo hiyo mapema, maana Jumamosi ndiyo siku ya soko la vyungu Lyulilo, hapo jirani na Matema. Akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vinafinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, halafu unakuta mdomo wa chungu umenyooka utadhani umepimwa. Nunueni kimoja kidogo, mkifunge kwenye khanga, mkubwa akipakate mpaka nyumbani. Akikivunja ni chake.

Maneno machache ya mzazi mwenye makovu. Kwanza, vyandarua. Sisi wa Mbeya mjini tumezoea mbu wachache, Kyela ni habari nyingine, na malaria haiulizi kama umekwenda kutalii. Nyumba moja ya wageni, jina naliacha, ilinihakikishia kwa simu kwamba vyandarua vipo. Vilikuwepo kweli. Kimoja kwa vitanda vitatu, na tundu lake linapitisha ngumi. Tangu hapo nabeba vya kwetu, na kamba ya manila ya kufungia. Pili, kuogelea. Waulize wenyeji mahali pa kuogea, mbaki kwenye mchanga ulio wazi, mbali na matete na midomo ya mito, kwa ajili ya mamba na kichocho. Huyo wa miaka minne asiingie majini bila mkono wa mtu mzima kumshika, hata kama maji yanamfika magotini. Jioni agizeni samaki aina ya mbasa wa kukaanga na wali wa Kyela, mkae mchangani mkitazama milima ya Livingstone ikigeuka rangi.

Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili juu ya Mto Kiwira, liacheni mpaka Jumapili mkiwa mnarudi, lakini muulize kwanza hali ya njia pale mnapochepukia, kama hamtaki kunitukana. Muondoke Matema kabla ya saa sita mchana. Ukungu wa milima ya Uporoto jioni, malori yanapanda, na dereva ana usingizi wa samaki: hapana.

Mtoto wangu hutapika kila tukipita barabara ya Tukuyu. Dawa?
*Mama Ipinda*

Chai nzito ya maziwa asubuhi ya safari mwachishe, mpe mkate mkavu au ndizi. Kama ni kosta, kaeni viti vya mbele, dirisha liwe wazi, atazame mbali mbele, simu asishike kabisa. Kipande cha tangawizi kinasaidia wengi. Vidonge viko, ila umri na kipimo muulize mfamasia. Beba mifuko na nguo ya kubadilisha ukiwa umeiweka juu, si chini ya masanduku.

Binti yangu wa miaka 12 amechaguliwa mbio za mita 800 kwenye timu ya kata, UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Mashindano ya wilaya yameangukia wikiendi tuliyopanga kwenda Iringa, na chumba tumeshatanguliza hela. Mume wangu anasema mtoto hapangi ratiba ya nyumba. Binti hali chakula.
*Mama Rujewa*

Mumeo ana haki kwenye kanuni, amekosea kwenye wikiendi. Kutoka shule kwenda kata, kata kwenda wilaya, halafu mkoa, ni ngazi ambazo mtoto anapanda kwa miguu yake mwenyewe. Nafasi hiyo hamkumnunulia. Sijui kama atachaguliwa tena mwakani, wala wewe hujui.

Iringa mlikuwa mnakwenda kuona nini? Kama ni Isimila, kilomita ishirini hivi kabla hujaingia mjini, zana za mawe za hapo zilichimbuliwa mwaka 1957 na 1958 baada ya kulala ardhini tangu zama za mawe, na zile nguzo za udongo bado zimesimama. Zitawangoja hadi Juni. Kama ni Kalenga, fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilikaa Ujerumani zaidi ya nusu karne kabla ya kurudishwa 1954, sasa liko kwenye jumba la makumbusho na halina mpango wa kuondoka. Tena Juni mvua zimekwisha, Isimila mtashuka bondeni bila kuteleza, na binti atakuwa na cha kuwasimulia Wahehe.

Baba akikataa katakata, gawaneni: yeye atangulie na wadogo, wewe ubaki uwanjani na maji na glukosi. Lakini mwombe asimame pale kwenye kona ya mwisho walau kwa mbio moja. Mita mia nane ni mizunguko miwili, hazifiki hata dakika nne.

Na wenye chumba uwapigie leo. Wengi wanakubali kusogeza tarehe ukiwahi. Ukingoja hadi Ijumaa, hela hiyo umewachangia.