Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Kupiga Picha za Mtaani Kariakoo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua kamera iliyotumika yenye lenzi ya milimita 35, na kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikienda Kariakoo kila Jumamosi kujifunza kupiga picha za mtaani. Nazunguka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, lakini narudi na picha nyingi za migongo ya watu, nyingine zimetikisika, na nyuso chache nilizopata zimejaa vivuli. Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara aliniuliza kwa ukali ni nani aliyeniruhusu kumpiga picha, nami nikakosa jibu, nikaondoka. Je, nilikosea? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na yule mama, kwa sababu swali lake ni zito kuliko yote uliyoyaeleza. Mchuuzi anayepanga bidhaa zake kando ya barabara ana sababu ya kuiogopa kamera: mwishoni mwa mwaka 2021 machinga wengi walihamishwa kutoka maeneo waliyozoea kufanyia biashara, na mtu asiyemfahamu anayepiga picha meza yake na kuondoka kimya anaweza kuwa yeyote. Kosa lako lilikuwa kuondoka bila jibu. Rudi siku ya kawaida, kamera ikiwa ndani ya mkoba, mwamkie, nunua ndizi, kisha umweleze kwamba unajifunza na kwamba picha aliyoikataa umeifuta, na uwe umeifuta kweli. Siku nyingine ukivutiwa na meza ya mtu, sema kwa lugha nyepesi, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha hapo ulipo," na akikataa, shukuru na uendelee.

Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo usiutumie uso wa mtu anayetambulika katika tangazo au biashara bila ridhaa yake, ikiwezekana kwa maandishi, na kwa watoto uombe kwa mzazi kwanza. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usivielekezee kamera kabisa.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Saa unazokwenda ndizo zinazokuponza. Dar es Salaam iko karibu na Ikweta, jua la mchana husimama karibu na utosi, na ndiyo maana macho ya watu katika picha zako yamezama gizani, hasa ya wale waliovaa kofia. Fika saa moja asubuhi, wakati mwanga unaingia kwa ubavu kati ya maghorofa, maduka yanafunguliwa na wapagazi wanashusha marobota. Ukikosa asubuhi, nenda baada ya saa kumi jioni.

Kutikisika kunatokana na kasi ndogo ya shata, yaani kilango cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga. Kwa watu wanaotembea anza na 1/500 ya sekunde, weka tundu la lenzi kwenye f/8, uiachie kamera ipange yenyewe ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, kisha uifungie fokasi (umbali ambao picha huwa kali) kwenye mita 3. Kwa lenzi yako, kila kitu kilicho kati ya mita 2 na nusu na mita 4 na nusu hivi kitaonekana vizuri, nawe hutapoteza nafasi kwa kusubiri kamera itafute fokasi.

Lakini jambo ambalo ningekusihi ulishike kuliko mipangilio yote ni kuacha kuzunguka. Chagua kona moja ya Mtaa wa Kongo, yenye ukuta unaopokea mwanga, usimame hapo saa nzima pasipo kuwazibia watu njia, ukisubiri mkokoteni au mtu aliyebeba mzigo kichwani aingie katika ule mwanga. Rudi hapohapo wiki nne mfululizo. Anayezunguka huwafuata watu, ndiyo sababu hupata migongo. Anayesimama hufuatwa, na baada ya wiki kadhaa wenye meza za jirani watakuwa wamekuzoea.

Hata hivyo, mgongo wenyewe si kosa. Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, alipiga picha maarufu ya wavulana watatu wakikimbilia majini, ambayo hutajwa kwa jina la Ziwa Tanganyika. Wote wameonekana kwa nyuma, kama vivuli vyeusi, na furaha yao inasomeka katika mikono na miguu. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha wa Ufaransa, alieleza kwamba picha hiyo ndiyo iliyomsukuma kuchukua kamera na kuingia mitaani. Basi zipitie upya picha zako za migongo, utenge zile ambazo mwili unasema jambo: bega lililoinama chini ya gunia, mkono uliomshika mtoto. Kila mwezi peleka studio picha mbili au tatu bora zikasafishwe, na mtu aliyekubali kupigwa umpelekee nakala yake.